Sikumwibia Mtu, Nilikuwa Nafuata Kofia

Kabla hamjaletewa mengine kutoka baraza la Mkunguni: wanayosema si kweli, sikutaka kuiba ile picha ya Mona Lisa kule Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Aliyeiiba ni Vincenzo Peruggia, mwaka 1911, aliyewahi kufanya kazi mle mle Louvre. Akaificha miaka miwili hadi akanaswa Florence. Na huyo anayewahadithia hata Paris hajafika. Alipigiwa simu na mpwa wangu, naye mpwa wangu alikuwa anakufa kwa kicheko. Ukweli ungetoka wapi?

Basi, ukishashuka chini ya ile piramidi ya vioo fuata vibao vya Denon, upande mmoja wa jumba hilo, upite ngazi za yule mwanamke wa mawe mwenye mabawa na asiye na kichwa. (Mkienda msiende Jumanne, hufungwa.) Ukumbi wa 711 utaujua kwa msongamano. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 tu, na si kitambaa, ni ubao wa mti wa popla. Sisi mafundi wa milango hilo ndilo linalotuwasha: ubao wa miaka 500 umepinda kiasi gani? Kioo kinang'aa, sikuona kitu.

Lakini mkabala wake imetundikwa Harusi ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, mita 6.77 kwenda juu na 9.94 upana. Ukitaka iingie yote kwenye simu, simama pale pale mbele ya Mona Lisa, umpe mgongo. Nikampa. Wapiga ala wakaingia, mbwa wakaingia. Bwana na bibi harusi, waliosukumwa kushoto kabisa mwisho wa meza (harusi gani hiyo, jamani?), hawaingii. Nikaegemea kizuizi cha mbao, kimepigwa msasa vizuri, maashallah. Bado. Nikaegemea tena, kichwa nyuma, kidevu juu.

Kofia yangu ni ya kushonwa kwa mkono, na ilikuwa imetoka kutiwa wanga. Kofia ya wanga haishiki kichwa, inakaa juu yake tu. Nikahisi baridi utosini. Nikasikia *tap*. Nikageuka: imeangukia upande wa pili, inajizungusha polepole kuelekea ukutani, ikasita, ikajizungusha tena, ikalala chali chini ya yule mama. Naye anatabasamu.

Nikainama juu ya mbao. Mkono ukanyooka, kanzu ikapanda, miguu ikaacha sakafu. "Monsieur!" Ukumbi ukanyamaza. Nikiwa bado naning'inia nikachungulia nyuma: simu zote zimemwacha Mona Lisa, zinanipiga mimi, tena upande usiopigwa picha. Nikamwita mpwa wangu anitafsirie. Akaanza kusoma kibao cha ukutani kwa makini ambayo shuleni hakuwa nayo.

Mlinzi akaiokota, akaipangusa, akanirudishia, akanionyesha mlango. Yakaisha.

Picha ninayo. Bibi harusi hayumo.