Sabuni Yenye Mpini

Kutengeneza sabuni jikoni kwako ni jambo moja, kuwafundisha watu wazima ni jingine. Jikoni sabuni ikikataa unaifunika kitambaa na kuondoka zako, hakuna aliyeona. Darasani kuna madaftari.

Nusu ya wanafunzi wangu walikuwa rika la mama yangu. Ikabidi somo lianze kwa mwalimu kuzunguka akisema shikamoo, shikamoo, shikamoo, na hapo ukali wote wa ualimu ukaniishia. Nikatafuta kuurudisha kwa miwani ya plastiki na glovu za kufika viwikoni. Miwani ikaingia ukungu papo hapo, kwa hiyo kipande chote cha kwanza nilifundisha vivuli.

Hata hivyo mwanzo ulikwenda vizuri. Niliwaambia kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye kostiki, maana ukigeuza inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Niliwaambia sufuria ya alumini ni mwiko, kostiki inaila na kutoa gesi ya haidrojeni. Mzee mmoja akaichukua ya kwake kimyakimya na kuirudisha mfukoni. Nikawapigia na hesabu: kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili yote yageuke sabuni, lakini mimi naweka 174 hivi, mafuta kidogo yasalie, ngozi isikauke. Watu wakaandika. Nikajiona profesa.

Tukachanganya, nikaanza kukoroga, na ndipo mdomo ukaniponza.

"Sabuni ni subira," nikasema. "Kwa mkono unaweza kukoroga hata saa nzima. Usiikimbize, itakuonyesha yenyewe: ukiinua mwiko, matone yataacha alama juu ya sabuni."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akanusa hewani. "Mwanangu mwalimu, mbona hainukii?"

"Harufu huja mwishoni, mama."

"Basi mimi nimekuja na yangu." Akachomoa mkobani kichupa cheusi cha mafuta ya karafuu, akakitua mezani.

Fundi yeyote wa sabuni atakueleza habari za karafuu. Ndani yake mna eujenoli, na hiyo ikiingia kwenye sabuni ambayo bado ni majimaji, inaweza kuigandisha kufumba na kufumbua. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote. Ila kusoma ni kitu kimoja, na kukumbuka huku darasa zima limekutolea macho ni kingine. Nikatia kijiko.

"Ongeza, mwanangu. Usiwe bahili."

Nikaongeza.

Nilipozungusha mara ya kwanza, laini. Mara ya pili, nzito. Mara ya tatu mwiko haukwenda popote. Nikauvuta, sufuria ikaja nao. Nikauinua zaidi, nikidhani utachomoka, na sasa nimesimama mbele ya watu nimeshika mwiko mkononi, sufuria inaning'inia chini yake, na hakuna hata tone linalodondoka.

Laiti wangecheka! Waliinamisha vichwa wakaandika.

"Mwalimu," kijana mmoja akauliza, "hii ni hatua ya ngapi?"

"Ya tano."

"Na mwiko unabaki humo humo?"

"Kwa muda."

Bahati nzuri sabuni ya namna hiyo haijafa, ukiipika kwa moto mdogo inalegea. Nikatangaza kwamba sasa tunaingia njia ya pili, ya kupika, kwa sauti ya mtu aliyeipanga tangu jana. Tukaitumbukiza sufuria ndani ya nyingine yenye maji ya moto, tukaponda kwa zamu mpaka jasho likatutoka. Kumimina hakukuwezekana, tuliisukumiza kwa ngumi kwenye vibao vya kuipa umbo. Vipande vilitoka na mabonde, milima na alama za vidole za darasa zima. Eujenoli ni dawa wanayoitumia madaktari wa meno, na chumba chote kilinuka hivyo hivyo; mzee wa sufuria ya alumini akakiri kwamba jino lake limeanza kumuuma.

Mwiko wenyewe ulitoka na donge kubwa kichwani, gumu, halibanduki. Nikausogeza nyuma ya ndoo, nikitumaini utasahaulika.

Nikawaasa waviache vipande vikauke wiki 4 kabla ya kuoga navyo. Walipoanza kutawanyika, yule mama akanifuata hadi kwenye ndoo.

"Hivyo vya kwenye vibao wape wengine. Mimi nataka kile chenye mpini."

"Mama, ule ni mwiko."

"Najua ni mwiko. Mgongo wangu mkono haufiki." Akaufunga kwenye kanga, akaondoka nao.

Sikupumua. Kabla ya giza kuingia, simu ilikuwa na ujumbe kutoka kwa watatu wao, wote wakilalamika kwamba somo la mpini nilimfundisha mtu mmoja tu, tena kwa siri, na wao walilipa sawa.