Biskuti ya kitunguu ilimnyima mama yangu jibini

Jumapili mbili zilizopita tulikuwa Moshi kwa kaka yangu, kumpongeza mdogo wetu aliyemaliza chuo. Mtori ulikuwepo, ndizi nyama ilikuwepo, ndafu alikuwa amesimama mezani na majani mdomoni. Pembeni, kwenye meza ndogo yenye kitambaa cheupe, wifi alikuwa ameandaa kitu ambacho kwetu hakijawahi kuandaliwa: jibini aina tatu, salami (soseji iliyokaushwa), na vipande vyembamba vya nyama iliyokaushwa kwa chumvi, vyote vimepangwa juu ya ubao. Hela ya ule ubao aliidunduliza kwa miezi. Najua, kwa sababu Gouda, mojawapo ya zile jibini, niliinunua mimi huku Arusha, nikashuka nayo Moshi kwa basi la asubuhi nikiwa nimeipakata, imezungushiwa magazeti na chupa mbili za maji ya barafu.

Mama alipofika kutoka Machame, na salamu zikaisha, wifi akamtengenezea kwa mkono wake. Akachukua biskuti ya chumvi, zile tunazoziita kreka, akaweka kipande kinene cha Gouda juu, akampa kwa mikono miwili. Mama akatafuna taratibu. Sote tulikuwa tunamwangalia.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Ni kama krispi za vitunguu."

Akarudi kwenye mtori wake.

Nikaenda jikoni kutafuta pakiti. Unga wa ngano, mafuta, unga wa kitunguu, unga wa kitunguu saumu, sukari, chumvi, kiongeza ladha. Mama alikuwa amesema kweli tupu. Alichokula kilikuwa kitunguu, na jibini ya watu ilipita mdomoni mwake bila hata kujitambulisha.

Naomba mnielewe kwa nini jambo hili limenikaa moyoni hadi leo. Mama yangu amekamua ng'ombe tangu mimi sijazaliwa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anakatakata mgomba, anachanganya na majani yaliyobebwa kichwani kutoka mashamba ya chini, anakamua, anachuja, anawahi na ndoo kwenye kituo cha maziwa. Kule kwetu wilaya ya Hai maziwa ni kazi ya akina mama na hela yake ni ya akina mama. Wanawake wa kijiji cha Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na sisi watoto wa miaka ile tulisomeshwa na vikombe vilivyopimwa asubuhi. Mtu wa namna hiyo, siku anapoonja jibini kwa mara ya kwanza maishani mwake, anatakiwa akutane na maziwa. Ayatambue. Aseme, "Hili ninalijua." Kilo 1 ya jibini ngumu inameza maziwa kama lita 10. Lita 10! Ng'ombe wa mama akiwa katika siku zake nzuri hatoi lita hizo kwa siku. Halafu mtu wa kiwandani ananyunyiza unga wa kitunguu juu ya biskuti, na kazi yote ile inazimika kama mshumaa.

Kwa hiyo nasema, na sitarudi nyuma: biskuti ya kulia jibini na nyama za chumvi isiwe na ladha ya kwake. Iwe unga, maji, mafuta kidogo, chumvi kidogo, basi. Isiwe na kitunguu, pilipili, nyama choma, wala hiyo "ladha ya jibini" ambayo ndiyo inaniuma kuliko zote. Jibini ipo hapo kwenye ubao, ya kweli, imekaa miezi ikikomaa. Ya unga inatafuta nini?

Na hili si suala la mimi kupenda hiki na kuchukia kile. Angalieni kinachotokea mdomoni. Ladha ya jibini imejificha ndani ya mafuta yake, na mafuta hayo yanahitaji muda yalainike kwa joto la ulimi ndipo harufu zianze kupanda puani. Jibini inakuja polepole. Unga wa kitunguu unakuja papo hapo, mkavu, mkali, unashika ulimi wote kabla Gouda haijaanza hata kuyeyuka. Ikija kufika, kiti kimeshakaliwa. Biskuti tupu inafanya kazi nyingine kabisa: inavunjika, inanyonya yale mafuta, inausafisha ulimi, na kila unaporudia unaonja kama mara ya kwanza. Ndiyo maana watu wanaweza kukaa na ubao mmoja saa nzima bila kukinai.

Halafu kuna chumvi. Gramu 100 za jibini ya Cheddar zina chumvi karibu gramu 2. Salami inazidi hapo mara mbili na zaidi. Vyote viwili vimekuja mezani vimeshakolea. Ukiweka chini yake biskuti iliyomwagiwa chumvi hadi inang'aa, wageni wataishia kunywa soda usiku kucha na kesho watasema jibini ni chakula cha chumvi.

Wifi simlaumu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, nilichukua za bei ya juu kabisa, nilitaka kila kitu kiwe kizuri." Sauti ile iliniumiza. Na nilipoenda mwenyewe supamaketi moja hapa Arusha nikaelewa: nilihesabu aina 11 za kreka kwenye shelfu, na zisizo na ladha ya kuongezwa zilikuwa 2, tena chini kabisa, usawa wa goti. Kila kitu cha usawa wa macho kilikuwa na picha ya kitunguu au pilipili. Tumezoeshwa kuamini kwamba pakiti iliyoandikwa ladha nyingi imetupa vingi zaidi, na ile tupu ni ya mgonjwa.

Hizo tupu ndizo zenye historia. Biskuti za maji za Uingereza ni wajukuu wa biskuti ngumu za mabaharia, unga na maji vilivyokaushwa visioze baharini. Na "cream cracker", ile ya mstatili tuliyokua nayo, ilitoka kwa Jacob's kule Dublin mwaka 1885. Haina krimu. Shangazi yangu ana tumbo lisilopatana na maziwa, na kwa miaka alikuwa anaziruka kwa ajili ya jina tu. Nilimsomea viungo vya pakiti niliyokuwa nayo mstari kwa mstari mpaka akaridhika. Sasa asubuhi anakula nazo chai.

Vile vitobo vyake navyo vina kazi. Unga ukiingia kwenye joto kali mvuke unatafuta njia. Pasipo vitobo biskuti inavimba kama andazi na haikauki sawasawa. Kwa hiyo ukishika kreka, itazame: vitobo vya kufuatana, madoadoa ya kahawia pale ilipofura kidogo, ukiivunja inatoa sauti moja safi. Ikijipinda kabla ya kuvunjika, imeshaingia unyevu. Kipindi cha masika hilo linatokea upesi, pakiti iliyofunguliwa mchana jioni imelegea. Usiitupe. Itandaze kwenye trei, iingize oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, iache ipoe kabisa ndipo uipange. Huna oveni, kikaango kikavu na moto mdogo vinatosha, ukiwa unageuza.

Nikubali mambo mawili, ingawa sipendi. Waingereza wanakula Cheddar na zile biskuti za dijestivu zenye utamu wa mbali, na nimejaribu, na inakwenda. Jibini ya ukungu wa buluu nayo inapendana na utamu. La pili, jibini laini ya kopo, nyeupe, isiyo na makali yoyote, inaweza kubebwa na kreka ya ufuta au ya mbegu. Sawa. Lakini vitu hivyo vinasaidiana. Kitunguu cha unga hakimsaidii mtu.

Na kama kreka tupu ya kutoka nje bei yake inakukatisha tamaa, nenda kwenye maduka ya Wahindi uulize khakhra. Huu ndio ushauri ninaoutoa kwa moyo wote. Ni chapati ya Kigujarati ya unga wa ngano, nyembamba kiasi kwamba mwanga unapita, inayokaushwa juu ya tawa huku ikikandamizwa mpaka inakuwa ngumu. Chagua ile tupu, au kama una Gouda iliyokomaa chukua yenye bizari nyembamba, maana Waholanzi wenyewe wana jibini wanayoitia bizari hiyo tangu zamani. Vunja kwa mkono vipande visivyolingana. Inabeba Cheddar, inabeba salami, haidai sifa. Tumeishi jirani na kitu hiki miaka yote na bado tunahangaika na makopo yenye picha za pilipili.

Mkate wa jana uliokatwa mwembamba na kukaushwa ni mzuri pia. Krispi za ndizi hapana, mafuta juu ya mafuta.

Upande wa nyama nitasema kidogo, maana sheria ni ileile. Salami ina mafuta na uchachu, inataka kitu kikavu chini yake. Prosciutto ya Parma ni paja la nguruwe na chumvi, limening'inizwa mwaka na zaidi. Hiyo mimi siiwekei biskuti, naizungusha kwenye papai lililoiva vizuri. Bilitongi, nyama kavu ya Afrika Kusini, imeshatiwa siki na mbegu za giligilani, iache peke yake.

Ila kuna jambo moja la adabu. Pale kwa kaka salami ya nguruwe ilikuwa imelalia jibini, na kisu kilikuwa kimoja. Jirani yao Mwislamu, mtu mwema aliyekuja na zawadi ya mhitimu, aliutazama ule ubao akaondoka na maji ya kunywa. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Lakini kitimoto kiwe na sinia lake, kisu chake, na ikiwezekana meza yake. Nyama ya ng'ombe iliyokaushwa ipo; Waitalia wa kaskazini wana bresaola, na bilitongi mara nyingi ni ng'ombe. Pia soma pakiti ya kreka, kwa sababu zipo zinazotiwa mafuta ya wanyama. Mgeni asilazimike kuuliza.

Na jibini itoke kwenye friji mapema. Arusha, karibu mita 1,400 juu, mwezi wa saba jioni, naiacha nje saa nzima na bado imejikaza. Moshi iko chini zaidi, nusu saa inatosha. Ukizidisha, Gouda inaanza kutoa jasho.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Machame. Nilibeba Gouda ileile, kipande kilichobaki, na pakiti moja ya kreka tupu. Mama alikuwa ametoka bandani, mikono bado ina harufu ya majani. Sikumwambia chochote. Nilikata jibini nyembamba, nikaiacha mezani mpaka tulipomaliza habari za majirani, nikaweka kipande juu ya biskuti, nikampa.

Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akafumba macho kidogo, kama anavyofanya akisikiliza mtu anayeita kutoka shamba la mbali.

"Haya ni maziwa," akasema.

"Ndiyo mama."

"Ya ng'ombe aliyekula vizuri." Akachukua kipande kingine bila biskuti, akakinusa, akakirudisha juu ya biskuti, akala. "Yameganda yakakaa sana. Kuna mtindi kwa mbali. Hii ni lita ngapi?"

Nikamwambia kilo moja ni kama lita kumi. Akanyamaza, akaitazama ile Gouda kwa muda, akanyoosha kidole na kukusanya punje zilizobaki juu ya meza, akazila. Kisha akainuka kwenda kumwita jirani yake, mama mwenzake wa kituo cha maziwa, aje aonje kabla haijaisha. Nilimsikia akimwelekeza njiani: "Usile chochote kwanza. Njoo na mdomo mtupu."

Mwezi ujao mtoto wa kaka anapata kipaimara. Kamati imeshakaa mara mbili, ubao wa jibini umerudi kwenye bajeti, na wifi amenipigia mwenyewe. Amesema kreka nilete mimi. Nimeshanunua pakiti 6 za khakhra na 4 za zile za usawa wa goti, na sinia la pili nimeliazima kwa jirani.