Pesa hiyo ilikuwa ya nini?

Mdogo wangu alinipigia saa tano usiku, tarehe 21 Novemba 2025. Salamu zenyewe zilikuwa za haraka. "Kaka, niuze au nisiuze?" Siku hiyo bei ya Bitcoin moja, ile sarafu ya kidijitali, ilikuwa imeshuka mpaka karibu na dola 80,000, wakati mwanzoni mwa Oktoba ilivuka 126,000. Yeye alinunua wiki ile ya Oktoba, kila grupu la WhatsApp likiwa linapongezana. Sikumjibu. Nilimuuliza pesa hiyo ilikuwa ya nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ilikuwa ya bati.

Nilimwelewa kabisa, kwa sababu yangu mimi ilikuwa ya ada.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa wengine waliokwama kama yeye. Naamini katika subira, na matumaini yangu kwa Bitcoin hayajapungua. Ninachokipinga ni hii tabia ya kuhubiri subira kama vile ni suala la moyo mgumu tu, kwamba aliyeuza soko likiwa chini ni mwoga na aliyebaki ndiye mwanamume. Wengi niliowaona wakiuza kwa hasara hawakuwa waoga. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Mama alikuwa amelazwa. Ukimtumia mtu wa namna hiyo ujumbe wa "mvumilivu hula mbivu", unamuumiza bure.

Novemba 2021 niliweka kwenye Bitcoin shilingi 4,600,000, kama dola 2,000 kwa wakati ule, bei ya moja nzima ikiwa dola 65,000. Mimi ni fundi simu, banda langu lipo Mbagala, na pesa hiyo niliikusanya kwa vioo na vichaji vya kubadilisha, elfu kumi leo, elfu kumi na tano kesho. Ilikuwa akiba ya binti yangu kuanza kidato cha kwanza Januari 2023. Nilijiambia kwamba mwaka mzima ni mrefu, bei itakuwa imeongezeka mara mbili.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, soko la FTX, moja ya yale ya mtandaoni ambako watu hununua, kuuza na kuweka sarafu hizi, likaomba ulinzi wa kufilisika, na zile dola 2,000 zikawa zinasomeka 483. Namba hiyo haijanitoka kichwani. Nilikuwa naifungua programu kila nikishtuka usiku, na mke wangu alishajua naangalia nini, kwa jinsi mwanga wa simu ulivyokuwa unapiga ukutani. Hakusema kitu. Januari ikaja na fomu ya shule: godoro, ndoo mbili, sare, rimu ya karatasi, na muhula wa kwanza ulipwe wote. Niliuza theluthi mbili. Nikapata laki nane kasoro kidogo.

Theluthi iliyobaki niliiacha kwa sababu haikuhitajika mahali popote wakati ule. Desemba 2024 Bitcoin ilipovuka dola 100,000, theluthi ile peke yake ilikuwa na thamani ya dola elfu moja na ushee, kama mara tatu ya nilichopata kwa theluthi mbili. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa ule ule, wa mtu yule yule, katika wiki ile ile. Sikuwa na ujasiri kwenye theluthi moja na woga kwenye mbili. Tofauti ni kwamba theluthi moja haikuwa na mdai. Subira yangu iliamuliwa Novemba 2021, siku niliyochanganya pesa ya ada na pesa ya kusubiri, na kufikia Januari 2023 hapakuwa na cha kuamua tena.

Bitcoin imeanguka vibaya mara nyingi, na anayetaka kuisubiri anapaswa kujua kuanguka huko kulikuwaje. Mwaka 2011 ilitoka kama dola 32 ikafika 2. Mwishoni mwa 2013 ilivuka 1,100. Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo likafa na sarafu za watu, na Januari 2015 bei ilikuwa chini ya 200. Desemba 2017 ilikaribia 20,000, mwaka mmoja baadaye ikawa kama 3,200. Novemba 2021 ilifika 69,000, na mwaka uliofuata ikashuka mpaka karibu 15,500. Kila mara ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake, na kila mara ilirudi ikapita pale ilipokuwa. Watu hupenda kuisoma historia hii kwa haraka ili wafike kwenye kurudi. Mimi nakuomba ukae kidogo hapo katikati. Aliyenunua kwenye kilele cha 2017 aliiona tena bei yake Desemba 2020. Ni miaka mitatu hiyo. Ndani ya miaka mitatu mtoto anazaliwa na kuanza kuongea, bodaboda inakufa injini, msiba unatokea kijijini na wewe ndiye unayetegemewa. Pesa isiyoweza kupita katikati ya mambo hayo bila kuguswa haina miaka mitatu ndani yake, hata mwenyewe aape vipi.

Halafu kuna zilizoanguka zisirudi. Luna, sarafu nyingine ya kidijitali, ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 100 Aprili 2022. Katikati ya Mei haikufika hata senti moja. Sarafu mwenzake, UST, iliyotakiwa kubaki dola moja daima, ilivutia watu kwa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, na nguzo yake ilikuwa Luna yenyewe: moja ilipoyumba, nyingine ilichapishwa kwa wingi mpaka zote zikalala. Waliobaki na Luna hawakukosa uvumilivu. Walivumilia mpaka sifuri. Sisi wa umri wangu tuliokuwa Tanzania mwaka 2009 tunaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu, watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, na mbegu yenyewe ilikuwa pesa ya aliyepanda nyuma yako. Kwa hiyo mtu akikuambia "subiri tu", muulize tunasubiri nini, na hiyo faida inatoka wapi. Akikujibu kwamba inatoka kwa watakaoingia baada yako, chukua kilichobaki uondoke.

Baba yangu ni mkulima wa korosho Newala, na yeye ndiye aliyenipa pingamizi gumu kuliko yote. Nilikuwa nimeenda likizo. Alfajiri, kabla upepo haujaanza, tulikuwa tunapuliza salfa kwenye mikorosho, unga wa njano umetujaa mpaka kwenye kope. Nikamwambia habari za bei kushuka, nikaongeza kwamba yeye mwenyewe amewahi kuvumilia bei mbaya. Mwaka 2018 bei za mnadani ziliwaudhi wakulima mpaka wakagoma kuuza, na Novemba Serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mzee hakuwa amekata hata mti mmoja kwa sababu ya bei. Akasimamisha mashine, akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akaniuliza, "Sasa mwanangu, huo wako unazaa nini?"

Hauzai. Hilo lazima lisemwe wazi. Mkorosho ukikosa bei mwaka huu bado unatoa korosho, na nyumba ikikosa mnunuzi bado inapangishwa. Bitcoin iliyolala kwenye pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu, haitoi chochote, na anayekuahidi riba nono juu yake ndiye wa kumwogopa kwanza. Nilimjibu mzee hivyo hivyo. Kisha nikamweleza kwa nini bado naishika. Idadi yake ina mwisho, milioni 21, na hakuna waziri wala gavana wa kuiongeza. Kila baada ya miaka minne hivi, sarafu mpya wanazopata wachimbaji, wale wanaouendesha mtandao kwa kompyuta zao, hupunguzwa nusu. Mwaka 2009 zilikuwa 50 kwa kila bloku, yaani kila ukurasa mpya wa daftari la miamala, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Dola moja niliyokuwa nainunua kwa shilingi 2,300 nilipoanza, mwaka 2024 ilivuka 2,600. Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: Novemba ile ya 2022, masoko yakifilisika na watu wakilia, mtandao wenyewe haukusimama. Kila baada ya dakika kumi au karibu na hapo bloku mpya iliongezwa, kama ilivyofanyika tangu Januari 2009. Waliovunjika walikuwa watu waliokabidhiwa pesa za wenzao. Matumaini yangu yamejengwa hapo, wala sijajenga kwenye chati.

Mzee alisema, "Haya," akawasha mashine. Sidhani nilimshawishi, na sikuwa nalazimika kumshawishi.

Kuna jambo watu hawalihusishi na subira, nalo ndilo lililoniumiza kuliko kuporomoka kokote. Mwanzoni mwa 2024, bei zikiwa zimeanza kupanda, kijana mmoja alikuja bandani na simu iliyoingia maji ya bahari. Ilikuwa imekaa ndani ya begi siku nne kabla hajaileta. Nikaifungua, bodi ilikuwa imeota kutu ya kijani kuanzia kwenye chaji mpaka kwenye kichakataji. Nikamwambia itakuwa rahisi kununua nyingine. Akanishika mkono. Kumbe maneno yake 12 ya pochi, yale ya kurejeshea sarafu, alikuwa ameyapiga picha tu, na picha ipo ndani ya ile simu, hakuna nakala. Alikuwa amesubiri tangu 2020. Soko lilipoanguka 2022 hakuuza hata kidogo. Nilikaa na bodi ile siku mbili, nikaisafisha kwa spiriti na mswaki, nikaichemsha kwa hoti ea, nikajaribu kuipa umeme wa nje. Haikuamka. Alikaa kwenye kile kibenchi changu cha wateja mpaka nafunga, na sikupata neno la kumwambia.

Kwa hiyo ukiniuliza maandalizi ya kusubiri, mimi fundi nitakuambia chukua kalamu. Andika maneno hayo kwenye karatasi, mara mbili, weka sehemu mbili zisizoweza kuungua au kulowa pamoja, na mtu mmoja unayemwamini, mkeo au mumeo, ajue yapo wapi. Na usiziache sarafu za miaka mingi kwenye soko la kubadilishana kwa sababu tu programu yake ni nzuri. Walioziacha FTX walikuwa na subira pia.

Kuhusu kucheza kwa mkopo wa soko, wanaoita levareji, sina mengi. Tarehe 10 Oktoba 2025 dau za mkopo za zaidi ya dola bilioni 19 zilifungwa kwa nguvu na masoko ndani ya siku moja, bei ilipoporomoka. Humo walikuwemo waliokuwa sahihi kuhusu miaka mitano ijayo, ila hawakupewa nafasi ya kuifikia jioni. Mkopo una saa yake, na saa hiyo haikusubiri.

Siku hizi naweka shilingi 50,000 kila mwezi, ada ikishatengwa na akiba ya miezi mitatu ikiwa imekaa kando, bei iwe juu au chini. Programu ya kuangalia bei nimeitoa kwenye simu. Usiku nalala. Na huku kwetu mambo yanasogea, polepole lakini yanasogea: Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kutuonya tusiziguse sarafu hizi, Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo, mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo yenyewe, ya asilimia 3 kwa wanaohamisha mali za kidijitali. Kodi siyo ruhusa kamili, lakini wanaotunga sheria hawajifanyi tena kwamba hatupo. Wenzetu wa Kenya wamevuka zaidi, Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini sheria ya kuwasajili na kuwasimamia wanaotoa huduma hizi. Mtu anayesubiri ana haki ya kulitazama hilo na kufarijika.

Turudi kwa mdogo wangu. Alitaka nimwambie asiuze. Alijua kaka yake anaishika Bitcoin, akategemea nimtie moyo mpaka asubuhi. Nilimuuliza nyumba imefika wapi. Akasema kozi za juu zimeisha, kenchi zimepigwa, na mvua za vuli zimeshaanza Mkuranga, mbao zinalowa. Nikamwambia auze ya bati yote, hata kwa hasara ile, na kinachozidi bei ya bati asikiguse kabisa. Alinikasirikia. Akasema nimekata tamaa.

Sijakata tamaa. Wiki mbili baadaye alinitumia picha: bati za bluu, geji 30, zimefunika upande mmoja wa paa, na fundi amekaa juu ya kenchi na misumari mdomoni. Chini yake aliandika kiasi kilichobaki, dola 61, na maneno yake 12 ameshayaandika kwenye karatasi.