Kivuli cha alasiri na upinde wa mvua

Kuna skuli moja ya chekechea wamepaka ukuta upya, wamechora upinde wa mvua, nyekundu wameiweka chini, na jua linachungulia katikati yake. Nimekereka kweli, maana watoto wataliangalia lile kila siku na juu mbinguni hawatoliona maisha.

Jamani, jua linakuwa mgongoni, siku zote. Lipe mgongo, tazama kivuli cha kichwa chako kimelala wapi, hapo ndo katikati ya duara na upinde unapazunguka hapo kwa pembe ya nyuzi 42. Mwanga unaingia kwenye tone la mvua unapinda, unagonga nyuma ya tone kwa ndani unarudi, unapinda tena ukitoka, na kila rangi inapinda kivyake ndo mana nyekundu ikakaa nje, zambarau ndani.

Sasa jua likipanda kupita nyuzi 42 upinde wote unazama chini ya upeo, ndo mana huku Unguja na Pemba adhuhuri huuoni mbinguni hata inyeshe vipi. Na kipimo tunacho miaka yote! Kivuli chako kikishakuzidi urefu kidogo tu, jua limeshashuka vya kutosha, na hicho ni kivuli cha alasiri, watu wetu wanakijua tangu chuo cha Kurani. Kwa nini mwalimu asiseme hivyo badala ya "mvua na jua vikikutana" halafu basi? Mtoto wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ajue kwamba jioni autafute baharini, wa Wete, pwani ya magharibi ya Pemba, autafute upande wa nchi kavu, na asubuhi mambo yanageuka. Kamal al-Din al-Farisi, Muajemi, miaka kama 700 iliyopita alijaza maji kwenye tufe la kioo akaufuata mwanga mle ndani mpaka akaelewa, na jina lake wanafunzi wetu hawajawahi kulisikia, inauma.

Haya, nyekundu kuwa chini ipo, nakubali, lakini ni ule upinde wa pili uliofifia, nyuzi 51 hivi, na kwa kawaida wa kwanza unakuwepo chini yake.

Walimu, vuli haiko mbali, na hata mvua msiisubiri. Chukueni mpira wa maji, zibeni mdomo kwa kidole maji yatawanyike, watoto walipe jua mgongo. Saa sita pia inawezekana, ila waambieni watazame chini kwenye majani.