Aliyekatika Mzizi wa Wema

Miezi michache iliyopita nilitamka neno zito juu ya ndugu yangu mmoja wa ukoo. Alikuwa ameuza shamba la mjane wa kaka yake, mama wa watu akabaki na watoto bila pa kulima. "Huyu hana utu," nikasema mbele ya wazee. Shangazi yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akaniuliza: "Kwani mwanangu, ameupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ila kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma mafundisho ya Wabuddha juu ya asili ya Buddha, na nilipoyarudia nikiwa na swali la shangazi kichwani, nikakumbuka kwamba kuna mtu aliyefukuzwa mjini kwa sababu ya jibu lake kwa swali hilohilo.

Anaitwa Daosheng, mtawa wa China aliyefariki mwaka 434. Mwaka 418 huko Jiankang, ambayo leo ni Nanjing, ilikamilika tafsiri ya Kichina ya Sutra ya Mahaparinirvana (sutra ni andiko la mafundisho ya Buddha), kutokana na nakala ambayo msafiri Faxian aliileta kutoka India. Ilisema kwamba viumbe vyote vyenye hisia vina asili ya Buddha, yaani vinaweza kuamka na kuuona ukweli kama yeye alivyoamka. Lakini iliwatoa watu wa aina moja: icchantika, wale waliokatika mizizi ya wema, waliozama katika tamaa na kuyadharau mafundisho hata pasibaki kitu cha kuchipua ndani yao.

Daosheng akakataa. Icchantika naye ni kiumbe chenye hisia. Kama wote wanayo, basi naye anayo. Hakuwa na aya ya kuonyesha. Maandishi yaliyokuwepo yalimpinga waziwazi, na watawa wenzake wakamwona mpotoshaji, wakamtoa katika jumuiya yao. Akaenda Huqiu, karibu na Suzhou, kisha akaenda mlima Lu. Masimulizi ya huko yanasema kwamba pale Huqiu, kwa kukosa wa kumsikiliza, aliyahubiria mawe, nayo mawe yakainamisha vichwa kumkubalia. Kumbe tafsiri nyingine, ndefu zaidi, ilikuwa imekwisha kufanywa na Dharmakshema kaskazini-magharibi mwaka 421. Ilipofika Jiankang karibu mwaka 430, watu wakaisoma na kukuta imeandikwa: hata icchantika anayo.

Napenda kwamba alisema kabla ya ushahidi kufika. Sisi wengi tungengoja kitabu kitufikie ndipo tuwe na huruma.

Kwa Kisanskriti jambo hili huitwa tathagatagarbha. Tathagata ni jina la heshima la Buddha. Garbha ni tumbo la uzazi, na pia ni kile kilichomo tumboni. Wachina walipotafsiri walichagua neno lenye maana ya ghala. Watibeti wakachagua kiini. Nikiulizwa mimi, Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi, nalo ni mimba, kwa sababu mimba ni hali ya mama na ni huyohuyo anayekua ndani yake. Ghala unaweza kulifunga na kuondoka. Mimba inakwenda nawe.

Sutra yenye jina hilo, iliyotafsiriwa kwa Kichina na Buddhabhadra mwaka 420, ina mifano tisa: asali iliyozingirwa na nyuki, nafaka ndani ya maganda, dhahabu iliyodondoka kwenye uchafu, hazina chini ya nyumba ya maskini, na mingineyo. Mmoja hunishika kila mara. Ni wa mwanamke fukara, anayedharauliwa na kila ampitaye, hana pa kulala pa maana, wala hajui kwamba tumboni amebeba mfalme atakayetawala dunia.

Msomaji wa kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, atasema: basi hiyo ni roho. Tusiharakishe. Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu, na Wabuddha wenyewe waliona hatari hiyo mapema. Katika Sutra ya Lankavatara, mfuasi aitwaye Mahamati anamuuliza Buddha wazi: hii ina tofauti gani na nafsi wanayoihubiri wengine? Anajibiwa kwamba mafundisho haya yametolewa ili wanaoogopa kusikia kuwa hakuna nafsi wasikimbie. Wa-Theravada, yaani Wabuddha wa mapokeo ya kale wa Sri Lanka na Thailand, hawalitumii kabisa neno tathagatagarbha, ingawa maandiko yao ya Kipali yanasema akili inang'aa, na kwamba taka zinazoichafua ni mgeni aliyetoka nje. Huko Tibeti, mwalimu Dolpopa (1292–1361) alishikilia kwamba asili hiyo ipo kwelikweli na imekosa uchafu tu. Wafuasi wa Tsongkhapa, mwalimu wa Tibeti aliyekuja baada yake, wakajibu kwamba asili ya Buddha ni ule utupu wa akili yenyewe, kutogandishwa kwake katika umbo lolote, na ndiyo maana inaweza kubadilika. Mimi naegemea kwao. Kama hakuna kilichoganda ndani ya mtu, hata uovu wake haujaganda.

Lakini mafundisho matamu hayamlindi mtu peke yake, na Japani inatuonyesha. Kwa karne nyingi Waburaku, watu ambao jadi yao ilihusishwa na kuchinja, kutengeneza ngozi na kazi za maiti, walibaguliwa hata baada ya sheria kufuta tabaka lao mwaka 1871. Desturi ya Wabuddha wa Japani ni kumpa marehemu jina jipya linalochongwa kwenye kaburi. Kuna Waburaku waliopewa na makasisi majina yenye herufi za "mnyama" au "mchinjaji". Makasisi hao walitoka katika mahekalu yaliyokuwa yakifundisha kwamba kila kiumbe kina asili ya Buddha. Mwaka 1979, kwenye mkutano wa dunia wa dini na amani uliofanyika Princeton, Marekani, Machida Muneo, kiongozi wa madhehebu ya Kibuddha ya Soto, alisema Japani haina ubaguzi huo.

Miaka ya 1980 wasomi wawili wa chuo kikuu cha Soto chenyewe, Hakamaya Noriaki na Matsumoto Shiro, wakasema kosa lipo katika fundisho: ukisema wote wamekwisha kuwa Buddha, unahalalisha kila mtu alipo, hata aliye chini ya mguu wa mwenzake. Ni shutuma nzito na sina haki ya kuipita juujuu. Hata hivyo naona fundisho lilelile lilikuwa silaha ya Daosheng ya kumtetea aliyetolewa nje. Linaoza linapotamkwa na aliyeshiba kumtuliza mwenye njaa.

Mwaka 1984 mkutano uleule wa dini na amani ulifanyika Nairobi, na hapo Machida akaomba radhi hadharani kwa aliyoyasema Princeton.

Shamba la mjane halijarudi. Nimeendelea kulidai kwenye vikao vya ukoo, na nitalidai mpaka lirudi. Lile neno juu ya ndugu yangu nimelifuta, mbele ya wazee walewale walionisikia nikilisema.