Pamba ya Kalafati

Ndiyo, ni mimi. Huyo anayelia "Mamaaa!" kwenye klipu ya shemeji ni mimi, ila kaukata mwanzo, sasa mnadhani nilimwona mamba. Heri ningemwona mamba.

Tulikuwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Sigunga, ndani ya boti ya mbao ya mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Nimevaa fulana yangu ya OKOA MISITU, simu nimeielekeza ufukweni, jamaa wawili wanapasua gogo la mninga: mmoja juu na msumeno, mwenzake chini shimoni, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope. Nikashusha sauti kama ya taarifa ya habari: "Ndugu watazamaji, hivi ndivyo misitu yetu inavyoteketea..."

Sasa mimi nikihutubia, mkono lazima uchezee kitu. Mke wangu anajua. Mito ya makochi yetu haina nyuzi. Kando ya goti, katikati ya mbao mbili, kulikuwa na kauzi keupe kamechomoza. Nikakavuta. Kakaja, tena laini, kama tambi. Nikasema mninga huchukua miaka mingi kukomaa, nikavuta. Nikagusia mmomonyoko wa udongo, nikavuta. Nimeshakazungushia kidoleni, kamekuwa kama bandeji, moyoni nalaumu watu wanaoacha uchafu botini. Makalio yakahisi baridi.

Mzee akageuka. Akatazama kidole. Akatazama maji. Akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo ni kalafati." Yaani pamba inayozibwa katikati ya mbao ili maji yasiingie botini.

Kina cha ziwa hilo kinafika mita 1,470. Nilikisoma jana yake, na akili yangu ikachagua dakika hiyo kunikumbusha. Ndiyo hiyo "Mamaaa!" yenu. (Tulipokuwa sisi maji yalikuwa ya kiunoni. Shemeji hilo nalo kalikata. Au basi, angeliacha ningeaibika zaidi.)

Waliotuvuta ni wale wale "wahalifu". Magogo yana alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kibali wanacho, na mbao ni za nani? Za mzee, anaunda boti nyingine. Pamba ilishavurugika, ikatakiwa nguo ya kuzibia kwa muda. Wote wakanitazama kifuani.

Nimerudi Kigoma kifua wazi, upepo unanichapa, OKOA imezibwa kulia, MISITU kushoto. Shemeji, futa hiyo klipu. Na ile ya mimi navuliwa fulana pia, najua unayo.