Kibali cha Ukarabati ni cha Jirani wa Chini

Wenye fleti karibu wote wana lalamiko moja: "Nyumba nimeinunua kwa pesa yangu, halafu niombe ruhusa ya kubadilisha bafu langu mwenyewe?" Nalielewa, na zipo ofisi za usimamizi wa majengo zinazolistahili kabisa. Ila mimi nimekaa pande zote mbili za meza, kama mwombaji na kama mjumbe wa kamati ya wakazi inayosoma maombi, na naona tunagombana na mtu asiyehusika. Mwenye kauli hasa ni yule anayelala chini ya bafu lako. Ofisi kazi yake ni kumsemea, maana siku fundi wako anaanza kugonga yeye atakuwa kazini kwake, hana habari. Ukilishika hilo, utajua cha kuandika kwenye barua ya maombi. Utajua pia maswali yapi ya ofisi yana maana na yapi ni ya kukuzungusha tu.

Nianze na ukuta, kwa sababu ndio unaozua maneno mengi. Kila fundi ana namna yake ya kupima kama ukuta umebeba kitu. Mmoja niliyewahi kumwita aliugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Bosi, huu hauna kazi, ni wa kugawa vyumba tu." Huenda alikuwa sahihi. Jengo lililosimama juu ya nguzo na boriti za zege, kuta zake nyingi za ndani kweli ni za kugawa vyumba. Lakini yapo majengo ambayo kuta zenyewe ndizo zinazobeba, na kidole hakiwezi kuzitofautisha. Mei 1968, katika jengo la Ronan Point jijini London, gesi ililipuka jikoni kwenye fleti moja ya ghorofa ya 18. Mlipuko ule ulisukuma nje kuta zilizobeba ghorofa za juu yake, na kona nzima ya jengo lenye ghorofa 22 ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Hapakuwa na ukarabati wowote pale, ila wahandisi hawajaacha kulitaja, kwa sababu kila mtu aliona ukuta wa mpangaji mmoja ulivyokuwa umewabeba wengine.

Kwa hiyo ofisi ikidai barua ya mhandisi kabla hujavunja ukuta, usinune. Nawe waombe michoro ya awali ya jengo, maana bila hiyo mhandisi atakuwa anabahatisha kama fundi, tofauti ni kwamba yeye ana muhuri. Kutoboa sakafu ni vivyo hivyo. Kuna sakafu za zege zenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa ndani yake. Ukikata waya mmoja kwa drili umepunguza uwezo wa sakafu, na waya wenyewe unaweza kufyatuka ukamuumiza aliyeshika drili. Nyaya hizo hutafutwa kwanza kwa kifaa cha kupima, ndipo mtu anatoboa.

Uzito ndio watu wanaousahau kabisa. Mtu anataka vigae vipya, fundi anamshauri asing'oe vya zamani, amwage tu tabaka jipya la mchanga na saruji juu yake ili sakafu ikae sawa. Tabaka la sentimita 5 lina kama kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule ya mita 20 za mraba tayari imeongezewa tani mbili, bado vigae vyenyewe. Sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba watu na samani za kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, kwa hiyo umekula nusu au zaidi ya nafasi hiyo kabla hujaingiza hata kochi. Katika duka kubwa la Sampoong, Seoul, lililoanguka Juni 1995 na kuua watu 502, uzito ulioongezwa baadaye ulikuwa miongoni mwa sababu: ghorofa ya tano iligeuzwa ya migahawa, ikawekewa sakafu nene ya zege yenye mabomba ya kupasha joto, juu ya nguzo ambazo tangu mwanzo zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa. Sebule yako haitaangusha jengo. Lakini kama fleti zote za upande mmoja zikifanya hivyo kila baada ya miaka kumi, bila mtu wa kuweka hesabu, mzigo unajilimbikiza kimyakimya. Ofisi ndiyo peke yake inayoweza kuitunza hesabu hiyo.

Sasa bafu, ambako ndiko kwenye kesi zote. Maombi tunayoyapata huwa yameandikwa hivi: "Naomba kukarabati bafu." Basi. Mstari mmoja, halafu mtu anashangaa karatasi ikirudi. Ndani ya maneno hayo kunaweza kuwa na kubadilisha bomba la mvua na kioo, kazi ya saa chache, au kuhamisha choo kutoka ukuta huu kwenda ule, ambayo ni habari nyingine kabisa. Bomba la maji taka linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukihamisha choo mita 3 kutoka kwenye bomba kuu, unahitaji sentimita 6 za kushuka, na hapo hujahesabu unene wa bomba lenyewe. Sentimita hizo zitoke wapi? Ama unainua sakafu ya bafu, na hapo unarudi kwenye uzito, ama unatoboa zege na bomba linapita kwenye dari ya jirani. Ukipunguza mteremko ili mambo yaende, choo kitaziba, na kuna siku utakuwa umepiga magoti na waya wa kuzibulia huku wageni wako sebuleni.

Kuna majengo yanayokataa kabisa bafu kuwekwa juu ya chumba cha kulala cha mtu mwingine. Wengi huona ni ukorofi. Mimi nauunga mkono bila kusita, kwa sababu bafu lolote kuna siku litavuja, na ni heri livujie kwenye bafu.

Kuvuja huko karibu kila mara hakutoki kwenye vigae. Vigae vinapitisha maji kwenye maungio yake, hiyo ni kawaida. Kinachozuia maji ni ile tabaka ya kinga inayopakwa chini ya vigae na kupandishwa kidogo ukutani, hasa kwenye kona na pale bomba linapotokea sakafuni. Fundi mwenye haraka hupaka mara moja, hangoji ikauke, analaza vigae. Kipimo chake ni rahisi: ziba tundu la kutolea maji, jaza sentimita chache za maji, acha usiku na mchana, kisha shuka ukaangalie dari ya jirani. Nimewahi kushuka hivyo na mwenye nyumba. Mama wa chini akatufungulia, akatuelekeza bila salamu ndefu: "Ingieni tu, wanangu, angalieni wenyewe." Pembeni mwa taa ya bafuni palikuwa na duara la rangi ya chai, lenye ukingo mweusi kidogo, na katikati tone limening'inia. Afadhali tulilikuta wakati sakafu ya juu bado haina vigae. Kinga ilipakwa upya pembeni mwa bomba, ikajaribiwa tena, basi.

Na hapa ndipo ninapowageukia waheshimiwa wa ofisini. Ofisi nyingi ni kali kwenye karatasi na hazionekani kwenye kazi. Watadai nakala tatu za fomu, picha ya kitambulisho cha fundi, na cheti cha bima ya mkandarasi (hicho cha bima ni cha lazima kweli). Kisha kinga ya maji inapakwa, mabomba yanafukiwa ukutani, hakuna aliyekuja kuangalia. Siku ya mwisho mtu anapita, anatazama vigae vinavyong'aa, anasaini. Amekagua nini? Kilichotakiwa kukaguliwa kimeshafunikwa. Ningekuwa na uwezo, ningefuta nusu ya fomu na badala yake niweke ziara moja ya lazima kabla ya vigae kulazwa, na picha za kila bomba na waya kabla ukuta haujapigwa lipu, zihifadhiwe kwenye faili la fleti.

Kosa lao la pili ni kuchanganya usalama na ladha. Kuuliza kama mlango wangu mpya wa kuingilia unazuia moto ni halali, maana mlango ule unalinda ukumbi ambao watu wote wataupita wakikimbia. Kuuliza kama matundu ya nyaya yanayopita kwenye kuta za kati ya fleti yatazibwa kwa vitu visivyoungua ni halali. Kukataza feni ya jiko isiunganishwe kwenye mfereji wa hewa wa pamoja ni halali pia, la sivyo vitunguu vyako vinakaangiwa chumbani kwa mtu. Lakini rangi ya makabati? Aina ya taa za sebuleni? Hapo mjumbe wa kamati anatafuta cheo. Na kupaka rangi au kubadilisha bawaba za milango hakuhitaji kibali kabisa, taarifa inatosha.

La tatu ni danadana. "Njoo wiki ijayo, mzee hayupo." Ofisi isiyo na siku ya mwisho ya kujibu inawafundisha watu kuvunja usiku wa Jumamosi na kupitisha kifusi kwenye mifuko ya soko. Halafu inashangaa. Kanuni za jengo ziseme ofisi itajibu ndani ya siku ngapi, na ikikataa, itaje sababu kwa maandishi na iseme nini kikibadilika itakubali.

Wewe mwombaji, andika barua ambayo jirani wa chini angeisoma akalala usingizi. Taja kinachovunjwa na kisichoguswa. Eleza nani atafunga maji, lini, kwa saa ngapi, maana koki ya bomba kuu ikifungwa wanakosa maji watu wa ghorofa zote. Kama unatoa zulia na kuweka vigae, taja utakachotandika chini yake kupunguza mlio wa viatu. Kelele hiyo haiishi mafundi wakiondoka. Kama jengo ni la zamani, toa kipande cha sakafu au dari kipimwe asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kabla ya nyundo ya kwanza, kwa kuwa vumbi lake likishaingia kwenye lifti hakuna wa kulirudisha. Na usimlipe fundi malipo ya kwanza kabla kibali hakijatoka. Fundi aliyekwishalipwa atakusukuma uanze, na ofisi ikijua una haraka itakuwekea masharti ambayo isingethubutu kumwekea mtu aliyetulia.

Amana, ile pesa unayoiacha ofisini kufidia uharibifu wa lifti na ngazi, nayo iandikwe. Barua hiyohiyo iulize ni nani atakagua lifti na ngazi kazi ikiisha, na amana itarudi ndani ya siku ngapi. Piga picha za kuta za lifti asubuhi kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujaingia, uwatumie ofisini siku hiyohiyo. Mkwaruzo wa mwaka juzi una tabia ya kuwa wako.